Maji ya Okidi za Baba Yosefu

Baba Yosefu,

Umekufa bila adabu. Mtu mwenye adabu humaliza neno lake kwanza, ndipo afe. Wewe ulinishika mkono ukasema, "Mama Yosefu, zile ndogo usizinyweshe..." halafu ukafumba macho. Usizinyweshe nini? Usiku? Maji mengi? Usizinyweshe kabisa? Nilikutikisa bega, nikakuita kwa sauti mpaka majirani wakasimama mlangoni. Mtu uliyekuwa unaongea mpaka uji unashika ngozi kwenye bakuli, siku ya neno la maana ukanikatia katikati.

Watu walisema, tazama mjane anavyolia. Nililia, sikatai. Lakini nusu ya kilio kile kilikuwa hasira, na hasira ilikuwa ya vimmea vyako.

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usicheke. Huku kijijini kuna kisomo cha watu wazima, jioni tukitoka shamba, tunakaa kwenye madawati ya watoto magoti yamegusa kidevu. Mwalimu wetu ni Zaituni, msichana wa Tanga, serikali imemleta huku kwenye baridi na vumbi na bado anapiga pasi gauni. Alisema kila mmoja aandike barua kwa mtu anayempenda. Nikamwambia, "Mwalimu, yule niliyezoea kumgombeza amekufa." Akasema, "Basi Bibi, mgombeze kwa kalamu." Kwa hiyo tulia usomewe. Herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, lakini zinasomeka.

Naanzia mwanzo, ili usiseme nimekusingizia.

Unakumbuka walipoangusha ule mzeituni pori mkubwa pale juu, wapate boriti za shule ya kijiji. Wanaume wengine walirudi na kuni, wengine na asali. Wewe ulirudi umevua kofia umeishika mbele kama umebeba mayai. Nikachungulia nikitegemea asali. Nikaona majani! Vimmea vidogo, kimoja kama ukucha wa kidole gumba, vina mizizi myeupe kama minyoo. Ukasema, "Zile kubwa zimepondwa na mti ulipoanguka. Hizi zimebaki yatima." Nikakuambia yatima tunao wa kutosha kwenye ukoo, hatuhitaji wa msituni.

Ulikaa chini ya kiambaza, ukachukua vipande vya gome la mti ule ule, ukafunga kimmea kimoja kimoja kwa kamba ya katani, mafundo madogo madogo, wewe mwenye vidole vilivyoshindwa kufunga kifungo cha shati la Jumapili. Ukavitundika chini ya paa la tembe letu, upande jua linapochomoza. Vyote ulivitundika upande upande, majani yanaangalia chini. Nikasema, huyu hata kutundika hawezi. Watu waliopita walikuuliza, "Mzee, hii ni dawa ya nini?" Ukawajibu, "Ya macho." Wakaondoka wanaamini.

Sisi tulikuwa hatuna jina la hivyo vitu. Wewe ulisema watoto wa mti. Juzi juzi ndipo Mwalimu Zaituni aliponiambia kwamba huko kwao milimani vipo, na vinaitwa okidi. Nimelipokea neno. Lakini ujue liliingia nyumbani kwako wewe ukiwa umeshaondoka.

Halafu kifua kikakushika. Ulilala ndani, na mimi nikabaki na kazi zote, na okidi juu yake. Nilizinywesha kama ninavyojua kunywesha: kata imejaa, asubuhi na jioni, kama kabichi, kama ndama. Kitu kidogo si kinahitaji kunywa ili kikue? Nani asiyejua hilo? Basi zikaanza kuoza. Moja ililegea shinani, ikawa nyeusi, nikiigusa inatoa maji yenye harufu ya kiazi kilichosahauliwa ghalani. Nikakuletea habari kitandani, maana mimi sifichi. Ukakohoa, ukaniuliza, "Unanywesha ua au unazamisha panya?" Ikaoza ya pili. Ikaoza nyingine. Siku ile ulipoomba uangalie kilichobaki, nilikuletea kofia yako, na ndani yake kulikuwa na nafasi kubwa. Ndipo ukanishika mkono. Ndipo ukasema lile neno lako nusu.

Sasa nikueleze usiyoyajua.

Ulipozikwa pale juu, niliingia metimani, kwenye kutengwa kwa msiba, kama mama zetu walivyoingia. Mjane hatoki nje ya ua, hapeani mkono na mtu, hachoti kwenye chemchemi ya watu wote, mpaka wazee wakae na kumfungulia. Katekista alikuja akasimama mbali, akasema, "Mama, hayo ni ya zamani, Kanisa limekufungua." Nikamwambia, "Vizuri. Basi sogea tushikane mkono." Hakusogea. Alinibariki kutoka pale pale alipokuwa.

Emiliana, mke wa Yosefu wetu, ndiye aliyekuwa akiniletea maji. Aliyaacha juu ya jiwe nje ya miiba ya ua, akapiga hodi, akarudi nyuma, ndipo nikatoka kuyachukua. Yalikuwa maji ya ugali na ya kunywa. Ya maua yangetoka wapi? Nikasimama mbele ya okidi zako nikasema kwa sauti, "Haya, Baba Yosefu. Ulisema usizinyweshe, sizinyweshi. Zikauke, tumalizane."

Nikakaa. Wewe unajua mimi sijawahi kukaa bure tangu niache kunyonya. Sikuwa na shamba la kwenda, sikuwa na wa kuongea naye, mikono ikakaa mapajani kama ya mgeni. Basi nikaangalia. Kwa mara ya kwanza niliangalia kile ulichokuwa unaangalia wewe, ukiwa umeegemea kiambaza na mimi nakuita uje kula hujibu.

Ilikuwa miezi ya ukungu. Asubuhi unashuka kutoka mlimani, unaingia uani bila kuomba ruhusa, huoni hata zizi. Nilijifunika blanketi, nikasogea mpaka pua ikagusa gome. Mizizi ilikuwa myeupe, mikavu, kama mfupa uliokaa juani. Nikasema, zimekufa. Ukungu ukapita juu yake. Nikaona, Baba Yosefu, nikaona kwa macho haya haya: weupe ule ukaanza kuondoka. Ncha ya mzizi ikawa kijani, kijani ikapanda polepole, kama rangi inavyopanda kwenye kitambaa. Mzizi mmoja, halafu mwenzake, halafu yote. Hakuna aliyemwaga maji. Hakuna kata, hakuna mtungi. Mmea uko hewani, haujashika udongo, na unakunywa ukungu!

Nilivua kitambaa kichwani. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mtu akiingia kanisani anavyojikuta amenyamaza. Nimelima tangu nikiwa msichana na nilidhani najua yote yanayohusu kiu. Kumbe Mungu ana watoto anaowanywesha kwa pumzi.

Jua likapanda, ukungu ukaondoka, upepo ukapita chini ya paa. Kabla kivuli cha nyumba hakijafupika, mizizi ilikuwa imerudi kuwa myeupe. Imekunywa, imekauka, imepumzika. Na ule upande upande wako nikauelewa nikiwa pale pale. Matone yaliyobaki kwenye majani yalikuwa yanateleza na kudondoka chini. Hakuna lililokaa katikati, pale majani yanapokutana, kwenye moyo wake. Ningezitundika mimi zingesimama wima kama askari, na kila moja ingekuwa kikombe.

Basi nikalimalizia lile neno lako mwenyewe, maana hukuniachia njia nyingine. Usizinyweshe zikiwa bado zina maji. Usizinyweshe jua likielekea kuzama, zikalala mbichi kwenye baridi. Usizinyweshe moyoni. Maji yanayopita yanazipa uhai. Maji yanayokaa ndiyo yanayoziozesha. Kama ulitaka kusema kingine, shauri yako.

Metimani ile ilinisaidia na jambo lingine, hili litakuchekesha. Alikuja bwana mmoja wa serikali, mgeni wa huku, pamoja na balozi wetu wa nyumba kumi, kuniambia kwamba watu wote wa mlimani tunashuka bondeni, upande wa Getanuwas, kwenye kijiji kipya cha mistari. Yule bwana akanyanyua mguu aingie uani. Balozi akamdaka koti. "Usiingie, yuko metimani!" "Metimani ndiyo nini?" "Ng'ombe wako watakufa." "Sina ng'ombe." "Una mke?" Mguu ukarudi ulikotoka. Akasema kutoka kwenye miiba kwamba Bibi atahama akiwa tayari. Nadhani ni mimi peke yangu tarafa nzima niliyehama nikiwa tayari.

Wazee walipokwisha kunifungulia, siku ya kuhama, lori lilibeba vitanda, kuku, mlango wa nyumba, kila kitu. Okidi nilizipakata kwenye ungo. Emiliana alitaka kuziweka kwenye sufuria la maji zisisikie kiu njiani. Nilimpiga jicho mpaka akaenda kukaa nyuma na kuku.

Bondeni hakuna ukungu. Nikuambie ukweli, usiku wa kwanza sikulia kwa ajili ya nyumba, nililia kwa sababu hiyo. Kuna upepo, kuna vumbi jekundu, na kuna kisima kirefu chenye maji ya magadi, yale yanayowatia watoto meno ya kahawia. Niliyajaribu mara moja, yakaacha ukoko mweupe kwenye mizizi kama chumvi kwenye jasho. Nikayaacha. Nikaweka mtungi chini ya bati la shule mvua inaponyesha, na mwalimu mkuu aliponiuliza kwa nini nakinga maji ya serikali nikamuuliza serikali inanyesha lini tena.

Lakini ukungu ningeutoa wapi? Nilijaribu kudondosha tone tone kwa kidole. Nilijaribu kitambaa kibichi. Mizizi ikazidi kusinyaa. Halafu kukawa na harusi mstari wa tatu, na mzee mmoja akabariki maharusi kama wazee wetu wanavyobariki: akapiga funda la maji, akawapulizia vichwani, pfuuu. Jua lilikuwa nyuma yake. Nikayaona maji yale yakitoka kinywani mwake. Hayakuwa maji tena, yalikuwa ukungu! Niliacha pilau ya watu mezani. Nikaenda nyumbani, nikasukutua kinywa, nikapiga funda la maji ya mvua, nikasimama mbali kidogo, nikapuliza. Mizizi ikawa kijani mbele yangu. Nikakaa chini mlangoni. Kinywa hiki kilichokugombeza miaka yote, kumbe kinaweza kufanya kazi ya mlima.

Ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Asubuhi jua likishapanda, nikiona mizizi ni myeupe, napuliza. Nikiona bado ni kijani, napita kama simjui mtu. Tone likibaki moyoni mwa majani, nalinyonya kwa ncha ya unyoya wa kuku. Chini yake nimeweka chungu kilichovunjika, kina mchanga mbichi, hewa ya pale isikauke sana. Watu wanapita wanasema Bibi anabariki majani. Waache waseme. Wengine wameanza kunisalimia kwa heshima iliyozidi.

Sasa sikia ya mwisho, na hii kaa chini.

Nilikwenda Basotu kumwangalia binti wa dada yangu aliyejifungua. Nilimwambia Emiliana, "Zile za Baba uziangalie." Kosa langu ni hilo neno moja, uziangalie. Nilirudi na samaki wangu mkononi, nikasikia harufu kabla sijafika mlangoni. Ile ndogo kuliko zote, ile iliyokuja kama ukucha, ilikuwa imelazwa chali kwenye sahani ya maua, sahani ya wageni, imejaa maji. Moyo wake mweusi. Nilivuta jani la katikati, likatoka lenyewe bila kushindana.

Baba Yosefu, nilipiga kelele zikafika kisimani. Nilimwita Emiliana majina ambayo Mwalimu Zaituni hajatufundisha kuyaandika. Akapiga magoti, machozi yanamtoka, akasema, "Mama, si ni za Baba? Kwetu baba mkwe hapewi maji nusu kata. Ningempaje Baba nusu?"

Nikaweka samaki chini. Ni kweli, uhai wako wote hakukuletea kata isiyojaa, wala hakukupa kwa mkono mmoja. Alikuwa anakuhudumia. Alichagua sahani nzuri kuliko zote, akakulaza, akakunywesha kwa heshima mpaka ukaoza. Na mimi kabla yake nilikuwa nimefanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yeye alifanya kwa adabu.

Nikachukua kisu, nikakitia motoni mpaka kikang'aa, nikakiacha kipoe. Nikakata weusi wote. Nilikata mpaka nikafika penye nyama nyeupe, ngumu, safi. Hapakubaki kitu, Baba Yosefu. Kijiti na majani mawili ya chini na mizizi. Nikasaga mkaa, nikapaka jeraha. Nikaitundika kwenye upepo, upande upande kama ulivyotaka. Na nikaiacha bila maji.

Kuiacha ndiko kulikonitesa. Kumwaga maji ni rahisi, mkono unajua njia. Kila asubuhi niliamka nimeshashika kikombe. Nilikaa nayo kama nilivyokaa metimani, mikono mapajani. Yosefu mwanao alisema, "Mama, tupa, ni kijiti tu." Nikamwambia hata yeye alizaliwa akiwa kijiti. Mwalimu Zaituni alipita akielekea darasani, kila siku anauliza, "Shikamoo Bibi, mgonjwa anaendeleaje?" "Marahaba. Hajafa." Lile ndilo jibu nililokuwa nalo.

Mvua za vuli zikaja zikaondoka. Asubuhi moja nilikuwa nafuta vumbi kwenye jani kwa unyoya. Chini ya jani, pembeni ya shina, pale ambapo hapakuwa na kitu, nikaona kitu. Kijani. Kidogo kama punje ya mtama. Nilidhani ni mdudu, nikapuliza kidogo. Hakikuondoka. Kilikuwa kimetoka ndani. Moyo wake niliukata kwa kisu nikautupa, na ukatengeneza moyo mwingine ubavuni.

Nilimwita Emiliana bila kelele, ndiyo maana alikuja mbio, alidhani naumwa. Nikamwonyesha. Akaangalia, akaangalia tena, akapiga magoti pale pale, kama alivyokuwa akipiga mbele yako akileta chakula. Sikumwinua. Mimi mwenyewe ningepiga kama magoti yangu yangenirudisha juu.

Halafu nikaona jambo jingine. Mzizi mpya ulikuwa umepita juu ya kamba yako ya katani, juu ya fundo, ukaligandamia gome upande wa pili. Umelimeza fundo lako. Kamba inaoza, nyuzi zinadondoka, na okidi haidondoki. Imejishika. Ulifunga kitu, ukafa, nacho kikaendelea kushika kwa mikono yake. Nimeishi miaka mingi, nimezaa, nimezika, na sijawahi kuona kitu kilichoninyamazisha kama hicho. Nimejaribu kukieleza kisomoni nikashindwa, nikasema tu, "Imeshika." Mwalimu Zaituni akaliandika ubaoni, darasa zima tukalisoma.

Basi naaga, kibatari kinavuta moshi na kidole kimekufa ganzi. Lala salama huko juu kwenye ukungu wako, mzee wangu mwenye maneno nusu. Nakuahidi hili, na mimi ahadi zangu huwa ni nzima: kichipukizi kikishatoa mizizi yake na kuwa na nguvu, nitakipandisha mlimani kwa miguu yangu, nikifunge kwenye ule mti ulio kichwani pa kaburi lako. Huko hakitanihitaji. Lakini mpaka siku hiyo ni mgonjwa wangu, na haguswi.

Na wewe Emiliana, najua unaisoma barua hii, maana umemaliza darasa la saba na huwezi kuona karatasi ukaiacha. Ninakwenda Katesh kesho kutibiwa macho, nitalala huko. Weka kata chini. Weka sahani kabatini. Jua likipanda, toka nje uangalie mizizi kwanza, kabla ya kuangalia huruma yako. Ikiwa myeupe, sukutua kinywa, simama mbali, puliza mara moja. Ikiwa kijani, ondoka pale ukafagie uwanja.